Mkate Aliouoka Bibi Bila Kuuonja

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kwenye mkutano wa kanisa, wa kujadili kama mwanamke anaweza kuwekewa mikono awe mchungaji. Mzee mmoja wa suti akasimama, akasema, "Akina mama wetu tunawapenda, ndio nguzo ya kanisa, lakini madhabahu si jiko." Wanaume wakapiga makofi. Nyuma ya ukumbi hizo nguzo zilikuwa zinapuliza moto wa maharage, moshi unazitoa machozi. Rafiki yangu, nilitoka nje, chai yangu sijainywa. Wala maneno yale hayakuwa mapya kwangu. Niliyasikia nikiwa na miaka kumi, kijijini kwetu upande wa Kibondo, na aliyekuwa anapuliza moto wakati huo ni bibi yangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, udongo mwekundu unakuganda miguuni mpaka unajiona umevaa viatu. Kanisa letu lilikuwa la nyasi. Mchungaji aliishi mjini Kibondo, akitufikia mara tatu kwa mwaka kwa pikipiki, mvua ikiruhusu. Siku nyingine zote bibi ndiye aliyesoma Neno, akafundisha darasa la ubatizo, akazika. Mzee wa kanisa alikuwepo, mwanaume, cheo anacho, ila kusoma hajui, na Jumapili asubuhi mara nyingi alikuwa bado anauguza pombe ya ndizi ya Jumamosi. Hilo halikumsumbua mtu.

Mkate wa meza ya Bwana pia aliuoka bibi. Unga wa ngano ulitoka mjini, kwenye duka la Mwislamu mmoja aliyempa bibi ule mweupe kabisa akijua ni wa ibada. Bibi aliukanda kwenye beseni la bati, akaweka sufuria juu ya makaa, na makaa mengine juu ya mfuniko, nami kazi yangu kupepea. Nyumbani kwetu chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, kwa hiyo harufu ile ilinitoa mate kweli. Hata makombo hakunipa. "Cha Bwana hakidokolewi," alikuwa akisema.

Msimu mmoja wa mvua, jirani yetu alijifungua mtoto asiyeweza kunyonya. Mto umefurika, pikipiki haipiti. Mama yule alikwisha kuzika wawili bila ubatizo, nje ya uzio wa makaburi ya kanisa, akaapa kwamba huyu hatalala huko. Mzee wa kanisa alipoitwa akajibu kwamba mchungaji asubiriwe. Basi bibi akachota maji kwa kata, akambatiza mtoto kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mimi nimeshika kitenge cha kumfutia. Mtoto alikufa kabla ya adhuhuri, akazikwa ndani ya uzio.

Mchungaji alipofika, bibi akawekewa kikao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mchungaji yule alikuwa mpole, na kuimba alijua. Kwa upole wake huo akasema mwanamke hana mamlaka ya kubatiza, kwa hiyo ule haukuwa ubatizo. Bibi asimame Jumapili, akiri hivyo mbele ya watu na kutubu. La sivyo atatengwa. Ukubwani nilikuja kukisoma kitabu chao wenyewe cha ibada, nikakuta kinamruhusu Mkristo yeyote kumbatiza anayekufa. Hawakuwa wamekisoma, au walikisoma wakanyamaza, sijui lipi linatia kinyaa zaidi.

Jumapili bibi akasimama. Jirani alikuwa benchi la tatu, kichwa kainamisha, kwa maana bibi akikiri tu, mtoto wake si wa ndani ya uzio tena. Bibi akamtazama, kisha akasema, "Maji hayaulizi nani kayateka. Mtoto amebatizwa." Akakaa. Wakamtenga, wakamhamishia benchi la nyuma karibu na mlango, na darasa lake akapewa mzee wa kanisa.

Sasa sikia linalonichefua mpaka leo. Mkate aliendelea kuuoka yeye. Mzee wa kanisa aliuleta unga mwenyewe, bila haya. Nilimwuliza bibi kwa nini anakubali, akanijibu, "Watu watashiriki nini?" Miaka mitano sahani ya mkate wake ilipita mbele ya macho yake, asiuguse. Ibada ikiisha anampikia mchungaji kuku, mimi nashika birika la kumnawisha. "Bibi yako anajua kupika," mchungaji aliniambia siku moja, anatafuna paja. Nilitamani maji yale yangekuwa ya moto.

Bibi aliugua nikiwa likizo ya sekondari, nikamuuguza mimi. Mzee wa kanisa alikuja kumwona mara moja tu, nami nimekaa pale pale kwenye mkeka. Waliongea habari za mbuzi aliyevunjika mguu, mzee akaaga. Siku mbili baadaye bibi akafariki.

Kanisa lilikuwa halimziki mtu aliyetengwa, na umati ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Mchungaji alikuwa anajikunakuna kichwa. Hapo mzee wa kanisa akasimama kando ya kaburi, akatangaza, "Mama huyu alitubu kwangu kitandani. Alikiri kuwa ule haukuwa ubatizo." Baba yangu akashusha pumzi. Mchungaji akafungua kitabu. Nilijua nikifungua mdomo, kitabu kitafungwa na bibi atazikwa nje ya uzio. Nikanyamaza, na ule ukimya wangu nao unanichukiza.

Watu walipotawanyika, jirani akanijia. Uso ulikuwa umemkauka.

"Ni kweli alikiri?"

"Hakukiri, mama. Waliongea habari za mbuzi."

Akanishika mikono yote miwili, hakuiachia kwa muda mrefu.

Kanisa la nyasi halipo, limejengwa la tofali na bati. Uzio umeoza, makaburi yamemezwa na mihogo, huwezi kujua nani alikuwa ndani na nani nje. Mchungaji amekufa, mzee wa kanisa naye. Walioambiwa kwamba bibi alitubu ni kijiji kizima, na wamewasimulia watoto wao. Niliyemwambia ukweli ni mmoja tu, naye tulimzika mwaka juzi.