Gitaa la Baba Mdogo Lafungwa Mkanda

Mtaani walimwita Masikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake. Binti huyu, fundi wa kurekodi, aliweza kukwambia feni yako inataka grisi kabla wewe mwenyewe hujaisikia. Studio yake ilikuwa chumba kilicho nyuma ya duka la kinyozi, kuta zimevishwa magodoro makuukuu.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani. Baba yake mdogo, mchomea vyuma, alikuwa amepiga gitaa, mkewe ameimba. Gitaa lilikuwa tamu, ila kila mara gumba la mzee lilipogusa uzi mnene, mvumo ulimmeza mama mdogo mzimamzima. Mama mdogo alishatoa neno: wimbo ukitoka hivyo, jina lake lisitajwe. Mzee naye akaapa kwamba gitaa likikondeshwa, wimbo hautoki.

Masikio akaanza kwa kulibana gitaa zima kwenye mashine, sauti yake ishushwe kila inapozidi. Loo! Uzi mnene ukilia, nyuzi nyembamba nazo zinazama.

"Gitaa langu linakohoa," mzee akalalamika.

"Subiri, baba. Naigawa sauti yake mikanda mitatu: chini, kati na juu."

"Unalifunga mkanda gitaa langu? Kwani lina njaa?"

"Njaa linayo," mama mdogo akadakia. "Linanila mimi kila mstari!"

Masikio akacheka. "Namfunga mwenye kitambi tu. Wale wawili waendelee kula."

Akaibana sauti ya chini peke yake, tena pale tu ilipozidi. Mara ya kwanza alibana mno. Gitaa likalia kama mkebe, na mzee akainuka kuchukua kofia yake. Akalegeza kidogo. Akalegeza tena. Akabonyeza kitufe, wimbo ukaanza upya.

Uzi mnene ukajaa bila kufurika. Nyuzi nyembamba zikameta, hata mkwaruzo wa kidole ukabaki palepale. Na katikati, kama mtu aliyepata kiti hatimaye, sauti ya mama mdogo ikafika mpaka neno la mwisho.

Mzee akageuka, kofia mkononi, akamtazama mkewe.

"Hayo ndiyo maneno unayoimba siku zote?"

"Miaka yote hii! Wewe ulidhani naimba nini?"

"Nilidhani unanisifu."

"Nakusifu ubeti wa pili. Kidogo."

Mzee akavuta stuli, akaketi. "Rudisha nyuma, mwanangu, niusikilize huo wa pili. Kisha uutoe wimbo upesi, kabla mama yako mdogo hajaubadilisha."