Koti la Mringaringa

Kule Suji, Aminieli huchonga nguo. Si twiga wala vinyago vya kuuzia wageni. Nguo hizi hizi tunazovaa: sweta lililotoboka kiwiko, khanga iliyoviringwa kata ya kubebea ndoo. Jirani mmoja aliwahi kumpigia kelele aanue shati, mvua inakuja. Lilikuwa gogo la mringaringa.

Sasa basi, alifariki mzee Hezroni, mlinzi wa ndiva, lile bwawa linalomwagilia mashamba. Siku ya kumaliza msiba nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na koti lake lingekwenda kwa mdogo wake, Melkizedeki. Mjane, Hedwiga, hakuipinga desturi. Lakini kuliachia lile koti kulimshinda. Akampelekea Aminieli.

"Fundi, nichongee kabla halijaondoka."

Aminieli, kwa heshima ya marehemu, akalipiga kwanza pasi ya mkaa, tena akalinyoosha barabara, ndipo akashika patasi. Kazi ilipokwisha akamwita mama. Hedwiga alilizunguka polepole.

"Koti zuri," akasema. "La nani?"

Hapo fundi akatambua kwamba pasi yake ilikuwa imemfuta Hezroni. Mwingine angebisha. Yeye aliliweka kando lile la mti, akamwendea Melkizedeki, mwenye umbo la kaka yake, akamvika koti lenyewe la kitambaa, akamtia tupa ya kunolea majembe mfuko wa kushoto kama marehemu alivyozoea, akamwomba azunguke mifereji ya ndiva huko juu mlimani.

"Kwa hiyo mimi ndiyo henga yenu ya kutundikia koti?" Melkizedeki akalalama.

"Henga haisemi, baba. Panda."

Akapanda, akashuka, akainama kuzibua maji, kesho yake tena, na Aminieli nyuma akiutazama mgongo wake. Taratibu mfuko ukalegea. Mikunjo ikarudi viwikoni, bega la kushoto likazama. Ndipo fundi akatafuta gogo jingine, akaanza upya.

Siku ya kugawana, koti la mti lilitundikwa ukutani kwa Hedwiga. Mama akalisogelea, akaweka kiganja chini ya ule mfuko wa kushoto, kama anayeupunguzia uzito.

Kisha akalichukua la kitambaa, akamvika Melkizedeki mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Lako hili, shemeji. Huko juu baridi imeanza."