Siku Niliyofunga Maduka ya Mwakitolyo Bila Kujua

Mkasa huu nilikuwa nauficha hata kwa shemeji zangu, maana ni aibu tupu, lakini kwa kuwa Mama Kulwa mwenyewe anausimulia kila akipata wateja wapya, na mtu aliyenifaa kiasi kile siwezi kumnyima kicheko chake, bora na mimi niuseme kwa mdomo wangu.

Kiwanda cha pamba nilikokuwa karani pale Shinyanga mjini kilipopunguza watu, mimi na mke wangu, Mama Minza, tukakubaliana akiba yote tuiingize kwenye biashara, duka au mgahawa, ila kwanza niende Mwakitolyo kwa wachimbaji wa dhahabu nikaone kipi kitalipa. Sasa badala ya kwenda na kuuliza watu, nikaona haya kuonekana mgeni mshamba, nikaamua kuchunguza kimyakimya: shati jeupe la kuchomekea, viatu vinang'aa (kwenye vumbi lile, jamani), daftari kwapani, kalamu sikioni.

Duka la kwanza niliingia bila hata salamu, nikatazama rafu, nikatazama ukutani, nikaandika.

"Nikusaidie nini, kaka?" dada wa duka akauliza.

"Wewe endelea na kazi, mimi naangalia tu."

(Hebu niambieni, nani anajibu hivyo kama si mtu wa leseni, yule anayekagua na kuwafungia wasio nayo?)

Nilipotoka nikamwona anapiga simu, sikujali. Duka la pili nikakuta limefungwa. La tatu, mwenyewe alikuwa anamalizia kufuli, akanisalimia kwa adabu nyingi mno, akadandia bodaboda akapotea. Saluni, kibanda cha chipsi, fundi simu, vyote vimefungwa, na mimi kwa akili zangu zote naandika tu: hakuna, hakuna, hakuna. Kwa mama lishe nikakuta mafiga yana moto, moshi unapanda, masufuria hayapo wala binadamu, nikaandika: "Pametelekezwa." Kisha nikampigia mke wangu kwa furaha.

"Mama Minza, huku hakuna hata pa kununua chumvi! Chochote tukifungua kitauzika!"

"Mji mzima? Sasa hao watu wanakula nini?"

"Hata mimi nashangaa."

Nilikuwa bado nashangaa, kiu imenibana na hata maji ya kununua sijapata, wachimbaji walipopanda kutoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, kuja kula, vumbi mpaka kwenye kope, wakakuta mafiga matupu na mimi nimesimama katikati kama mkaguzi. Wakanizunguka.

"Wewe ndiye mtu wa leseni umefukuza mama zetu? Tangu alfajiri tuko chini hatujala!"

Nikaapa mimi si mtu wa leseni. Mmoja akachukua daftari, akasoma kwa sauti: "Maduka, hakuna. Migahawa, hakuna. Hapa hata uji utauzika."

Halafu kikalipuka kicheko ambacho sijapata kukisikia tena, watu wanashikana mabega, wengine wamekaa chini, na nyuma ya ghala la mahindi akatokea mama mtu mzima, sufuria kichwani, naye machozi ya kucheka yanamtoka.

"Shikamoo, mama," nikasema, salamu yangu ya kwanza tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe unatafuta maisha tu! Ungesalimia mapema, ungekuwa umekunywa chai."

Huyo ndiye Mama Kulwa. Niliyemvurugia siku nzima ndiye aliyenipakulia ugali na samaki, mgebuka, akanikalisha kati ya walewale waliotaka kunila nyama, nao huku wakitafuna wakaanza kunielekeza bila kuombwa. Akina mama, ambao nao walikuwa wameanza kurudi: sufuria kubwa tunazifuata mpaka Shinyanga. Wachimbaji: tunataka supu na chapati kabla hatujashuka, maana saa hiyo Mama Kulwa hajafika. Nikamgeukia kwa woga nikamuuliza kama supu yangu haitamharibia. Akasema, "Ya asubuhi kula wewe, ya mchana niachie mimi."

Nikarudi kwa Mama Minza na habari hizo, na baada ya wiki chache nikafungua kibanda cha supu. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Kulwa, kaja mapema makusudi, na nilipokataa hela yake akaiweka mezani: "Biashara haifunguliwi kwa bure. Pokea."

Nimeapa, mji wowote nitakaoingia maisha yangu yote, kalamu itakaa mfukoni mpaka nimeamkia watu na kukaa nao kula. Na Mama Kulwa, asante.