Rangi kwenye Mdomo wa Tangi

Njambi ananyonya vyoo. Naisema hivyo hivyo kwa sababu nimechoshwa na watu wanaotafuta maneno ya kuifunika kazi hiyo. Lori lake la maji taka limehudumia nusu ya ploti za Mwiki na Githurai 45, na wanaolikunjia pua ndio hao hao wanaompigia simu kabla hata ya chai ya asubuhi. Tumeishi ua kwa ua, mimi na cherehani yangu, yeye na lori lake, tangu mumewe alipofariki na kumwachia binti yao Lynn akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alianza kwa kushika paipu ya lori la wenyewe, akajifunza kuendesha, mwishowe akawa na lake. Lynn amesomeshwa na vyoo vya watu mpaka chuo kikuu, na sijawahi kusikia kwamba alikataa chakula kwa sababu ya harufu.

Basi Lynn akapata mchumba, Kagwe, kijana mpole wa Kamenu, na siku ya ruracio, ya kuleta mahari, ikapangwa. Njambi alitaka kitu kimoja tu: aketi kwenye kiti cha mama wa msichana, na mama yake Kagwe amfunike blanketi la heshima mabegani mbele ya watu wote. Aliniletea kitenge nimshonee. Kilipokuwa tayari alikivaa akaketi kwenye kiti changu cha plastiki mbele ya kioo, aone kama kitakunjamana akiwa ameketi.

Mburu, ndugu wa marehemu, alikuwa na mipango yake. Mtu huyu hajawahi kumletea mtoto huyo hata kalamu, lakini sasa ndiye aliyekuwa baba. Akasema wakwe wameshaambiwa kwamba Mama Lynn anafanya biashara ya usafirishaji, na wakiliona lori lile na uchafu wake watajua wamedanganywa, basi afadhali kiti cha mama kikaliwe na mke wake, Becky. Lori halikuwa na mahali pengine pa kulala ila uani kwa Njambi, na sherehe ilikuwa hapo hapo. Wakabishana wee, mwishowe wakaafikiana: lori lipakwe rangi, Njambi abaki na kiti chake. Aliyelifurahia zaidi wazo hilo la rangi alikuwa Lynn.

Fundi aliyeletwa na Mburu alipaka kila kitu. Alifungua mfuniko mkubwa wa nyuma ya tangi akapaka hata mdomo wake, pale chuma kinapokutana na chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi ikawa nene kama siagi kwenye mkate. Njambi alipoiona alichukua brashi ya waya aikwangue. Gurdial, mzee wa Thika aliyemtengenezea tangi, alikuwa amemfundisha jambo hili siku ya kwanza. Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, na kwa vile inataka kurudi urefu wake, ndipo inavibana vile vyuma viwili. Lazima kigumu kikae juu ya kigumu. Ukiacha kitu laini katikati, kitabanwa na kutikiswa mpaka kikonde, bolti itarudi urefu wake, na nguvu ya kubana itakwisha hata kama nati haijazunguka.

Hayo yote aliyajua. Lakini Mburu alisema wageni ni kesho, na mama wa bibi harusi hawezi kuwasalimia watu kwa kucha nyeusi. Lynn akaongeza, "Mum, please, wachana nayo."

Akaachana nayo. Alikaza bolti juu ya rangi, akijiambia kwamba lori halitafanya kazi siku hiyo.

Wageni walikuja wengi kuliko walioalikwa. Wakala mbuzi, wakala mukimo, wakaenda chooni. Hotuba hazijaisha, choo kikajaa, kikaanza kurudisha kilichopewa, na kijito kikateremka kuelekea hemani. Na ni nani aliyekuja mbio nyuma ya jiko, tulikokuwa tukisimamia chakula, kumtafuta Njambi? Becky, ambaye huziba pua kwa leso kila anapopita lango letu.

"Mama Lynn, tuokoe tu," akasema. "Kiti nitakushikia."

Nilitaka kutema mate. Njambi alivua kitenge, akavaa ovaroli na gambuti.

Pampu iliponyonya, hewa ya nje iliusukuma mfuniko kwa ndani na mambo yakawa shwari. Alipoizima, uzito wote wa maji taka ukauegemea mfuniko, na uchafu ukaanza kuchuruzika katikati ya ile rangi nyeupe nzuri. Bolti alizokuwa amezikaza jana yake kwa nguvu zake zote sasa zilizunguka bila ubishi. Akakaza moja, akaenda ya ng'ambo yake, akazirudia tena zote, maana ukikaza moja, jirani yake hulegea. Rangi ilitoka pembeni kama dawa ya meno, na uchafu ukamteremka mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo tukasikia vigelegele. Mama yake Kagwe alikuwa amesimama na blanketi, akiuliza mama wa msichana yuko wapi. Tulikuwa karibu na hema, na tulionekana wazi. Njambi alinyooka, spana mkononi. Lynn alitutazama. Alimtazama mama yake kuanzia gambuti mpaka usoni, kisha akamshika Becky mkono, akamsimamisha.

Becky hakusita. Aliinamisha mabega apokee, na Mburu akaanzisha makofi. Nimeona machafu mengi mtaani humu, nimeona hata mbwa aliyeoza kisimani, lakini sijaona uchafu kama makofi yale. Nilianza kwenda hemani nikawaambie ukweli. Njambi akanivuta kwa mkono ule ule mchafu, akaniambia bolti zimebaki chache. Alimaliza kuzikaza, akanawa kwa sabuni, akapanda lori akaenda kumwaga. Hakurudi kula.

Jioni nilikuwa nimeketi naye kwangu simu yake ilipolia. Alikuwa Lynn. Alitaka kujua mbona mama yake aliondoka bila kuwaaga wageni, maana watu walikuwa wakiuliza. Njambi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako nilimwacha hapo ameketi na blanketi," akasema. "Muulize yeye."