Mjumbe wa Wasiozaliwa

Parmuat alichaguliwa mjumbe wa wasiozaliwa mwaka wa 1994 kwa sababu hakuwa na mtoto, na kwa sababu katika miaka ishirini ya kusimamia josho la ng'ombe hakuna aliyewahi kumsikia akipinga jambo. Ilikuwa ranchi ya jamii, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kitengela. Wafadhili walikuwa wameahidi kuichimba upya silanga, bwawa walilonywea maji ng'ombe wote wa ranchi, kwa sharti moja: ndani ya kamati aketi mtu wa kuwasemea watakaozaliwa baadaye. Mwenyekiti Hillary alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamwamuru katibu, Florence, aandike kanuni: mjumbe awe mtu wa ranchi asiye na mtoto, asije akampendelea wake.

Silanga ikachimbwa, wafadhili wakapiga picha, wakaenda zao. Hapo Hillary akatoa lililokuwa moyoni. Ranchi imeshagawanywa, kila mzee ana hati yake, kimebaki kipande cha silanga. Kiuzwe kwa tajiri wa Nairobi ajenge nyumba za mawe. Kanuni ilitaka kamati nzima ikubali. Mikono yote ikainuka, isipokuwa mmoja.

"Ngojeni kwanza," Parmuat akasema. "Niwaulize."

"Uulize nani?"

"Wenye kiti."

Mkutano uliofuata akasema hawajamjibu. Mwingine, akasema wako wengi mno, bado wanabishana. Usidhani alikuwa mjanja. Maskini huyu alikuwa ametamani mtoto maisha yake yote, na sasa alikuwa amepewa wote kwa mpigo. Angeyauzaje maji yao?

Mwaka wa tatu Hillary akapata dawa. Kamati ikachanga ng'ombe wa mahari, ikamwoza Parmuat mke, Soipan, muuza maziwa wa Kitengela. Sijui kamati nyingine ya ardhi iliyofuatilia mimba ya mtu kwa hamu kama ile. Ilikuwamo hata kwenye ajenda, kati ya dawa ya kupe na mengineyo. Msichana akazaliwa. Parmuat alilia hadharani na hakuona haya.

"Sasa uko na mtoto," Hillary akamwambia. "Toka kwa kiti, mzee."

"Amepewa jina?"

Wazee wakatazamana. Kimila, mtoto ambaye hajanyolewa na kupewa jina huitwa kwa jina la kubembeleza tu, bado hajahesabiwa. Na siku ya kumpa jina huichagua baba. Florence, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika: mtoto wa mjumbe hajafika.

Miaka sita hakufika. Alikimbia, aling'oka meno, alitukana kuku wa majirani, nywele zikawa kichaka, lakini kwenye kumbukumbu za kamati hakuwepo. Soipan alikuwa amechoka.

"Mtoto wangu si mkutano!" alimfokea mumewe. "Hao hawajazaliwa wako na wewe. Huyu amezaliwa ako na nani?"

Maneno hayo yalimuuma Parmuat kuliko kelele za kamati yote.

Januari 2003 shule zikawa za bure. Soipan akamwogesha mtoto, akampeleka. Mwalimu akafungua rejista, akauliza jina, akawarudisha nyumbani. Wakamkuta Parmuat akivaa viatu vya kwenda mkutanoni.

"Baba," mtoto akauliza, "mimi nitazaliwa lini?"

Parmuat akavua kiatu, akakivaa tena. Halafu akamwomba Soipan achukue wembe na maziwa, akamshika mtoto mkono, wakaenda wote watatu. Mbele ya kamati Soipan akamlowesha kichwa kwa maziwa, akamnyoa kile kichaka mpaka kikaisha.

"Anaitwa Nasieku," Parmuat akasema, yaani aliyefika mapema. Wazee wakacheka hadi wakakohoa. Naye akainuka, akakiacha kiti bila kuitazama silanga dirishani.

Hillary alikuwa ameshatoa karatasi za mauzo. "Mikono juu!"

"Chairman," Florence akasema, "hiki kiti sasa kiko wazi. Lazima tukijaze kwanza. Mtu wa ranchi asiye na mtoto."

Wakatafutana kwa macho. Huyu watoto tisa, yule kumi na wawili, Florence mwenyewe watatu. Kanuni haikutaja umri, na ni Hillary aliyeitamka neno kwa neno. Walipogeuka, Nasieku alikuwa ameshakaa, miguu ikining'inia.

"Mtoto mzuri," Hillary akamwambia kwa sauti ya sukari, "tunauza silanga. Inua mkono, nitakununulia soda."

Nasieku akamtazama baba yake. Baba akatazama sakafu. Mtoto akapapasa kipara chake kipya, akafikiri.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Niwaulize."