Mwaka Tuliolimia Chungu cha India

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ulihusu biashara ya mbaazi kati ya India na Myanmar. Mada niliichagua mwenyewe, nikaipenda kama mtu apendavyo jambo la kwanza alilolielewa mpaka mwisho. India inakula mbaazi nyingi kuliko inavyovuna. Myanmar, jirani yake, inazivuna kwa wingi na yenyewe haina mazoea ya kuzila. Mkulima wa kule hupanda, hupalilia na kuvuna kwa ajili ya chungu cha mtu asiyemjua, ng'ambo ya mpaka. Niliona heshima fulani katika jambo hilo. Nikajiuliza kwa nini sisi wa nyanda za juu za Kigoma, tunaolima maharage, tukala maharage, na kuyauza yanayobaki kwa bei ya yeyote anayepita na lori, tusijifunze kulima kitu tusichokila.

Nilirudi kijijini kwetu Makere na swali hilo na cheti kipya. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea na kunisomesha. Alikuwa mjane mwenye ekari mbili na binti mmoja. Nikaanza naye.

Familia yetu ilitoka Burundi kabla sijazaliwa. Shangazi alivuka mpaka akiwa msichana, akapata uraia wa Tanzania akiwa mtu mzima, na cheti chake cha uraia alikitunza ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya Biblia. Neno mkimbizi halikutamkwa nyumbani kwake. Kambi ya Nyarugusu haiko mbali nasi, na watu wa kambini walikuwa wakipita kuuza sehemu ya mgao wao: mafuta, unga, na zile dengu za njano zilizopasuliwa ambazo wenyewe walikwisha kuzichoka. Majirani walinunua. Shangazi hakununua hata siku moja. Alisema fungu lake alikwisha kulimaliza zamani.

Nilipomweleza habari za mbaazi aliniuliza swali moja tu: huko India wanajua kwamba tunawalimia? Nilimjibu kwamba soko linajua. Katika mkutano wa kitongoji nilisema zaidi ya hapo. Niliwaambia majirani kwamba maharage yalikuwa utumwa wao, na wao wakacheka, wakaniita Mheshimiwa wa Mbaazi, wakaenda kupanda maharage. Shangazi alipanda mbaazi ekari zote mbili. Nilidhani ameamini. Leo najua kwamba alikuwa amenisomesha mbele ya macho ya watu wote hao, na hangeweza kusimama kati yao na kuonyesha kwamba elimu yangu haifai hata nusu ekari.

Mbaazi zilistawi, na hilo ndilo lililouma zaidi. Zilisimama juu ya kichwa changu, zikachanua maua ya njano, zikajaa. Tulivuna, tukapiga, tukapepeta, tukajaza magunia chumba cha nyuma hadi dirishani. Kisha dalali wa Kasulu mjini aliyekuwa ameahidi kuzichukua akaacha kupokea simu, na siku alipopokea alizungumza kwa upole kama mtu anayetoa habari za msiba. Alisema Wahindi na jirani zao wamekwisha kupatana kiasi watakachouziana, na meli zinatoka huko huko. Wa mbali kama sisi tungoje.

Mapatano hayo niliyajua vizuri. Nilikuwa nimeyaandikia sura nzima. Nchi mbili zinazokubaliana mapema, mkulima wa huku akiwa na uhakika na mlaji wa kule akiwa na uhakika: niliyaita mfano wa kuigwa, na msimamizi wangu akaweka alama ya vema pembeni. Katika sura yote hiyo sikuuliza ni nani aliyebaki nje ya mlango.

Wakati huo binti wa shangazi alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kibondo mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Walipendana kweli. Ndugu wa kijana, Waha, wenyeji wa Kigoma wa vizazi na vizazi, walichukua muda mrefu kukubali, na sababu ya muda huo hatukuihitaji kuambiwa. Hatimaye walituma ujumbe kwamba Jumamosi watakuja kujitambulisha: mshenga, baba wadogo wawili, na shangazi wa kijana, mama ambaye tulikwisha kusikia kwamba ndiye mwenye neno katika ukoo ule.

Kwetu wageni wa namna hiyo hupewa ugali, kuku, na chungu kikubwa cha maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kuku ni wa wakubwa. Maharage ni ya wote, na kwa maharage mgeni anajua kama nyumba hii ina shamba. Shangazi hakuwa na maharage hata kikombe. Siku ya Ijumaa alichukua beseni na kujifunga kanga ya pili.

“Naenda kwa jirani kuazima,” alisema. “Nitarudisha msimu ujao.”

Nilimzuia mlangoni. Nilimwambia kwamba kuwalisha wakwe maharage ya jirani ni kuanza undugu kwa uongo. Nilimwambia kwamba mavuno yake yamejaa nyumba, kwamba hakuiba, kwamba mtu mwadilifu huwakaribisha wageni kwa alichonacho. Nilisema kwa sauti ya upole na kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” alisema, “wewe unazungumza habari za ukweli. Mimi nazungumza habari za chakula.”

Lakini aliliweka beseni chini. Nami, kwa kuwa mbaazi kavu hula kuni nyingi, nikamfundisha kuzikoboa na kuzipasua kama wanavyofanya India. Tulitwanga mpaka jua likazama, yeye, binti yake na mimi, na tulipomaliza zilikuwa safi, za njano, zimegawanyika nusu kwa nusu. Nilizitazama nikaridhika. Binti alizitazama, akamtazama mama yake, akazifunika kwa ungo.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Tuliamkiana kwa Kiha, mwakeye, kwa adabu, mshenga akasema maneno yake ya utangulizi vizuri, mzee wa kanisa aliyekaa upande wetu akajibu vizuri. Maji ya kunawa yakapita. Kisha chungu kikaletwa na kufunuliwa, na shangazi wa kijana akainama kutazama. Alikaa ameinama kwa muda. Akachota kidogo kwa mwiko, akauinua ili wenzake waone, akaurudisha.

“Hizi si za mgao?” aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Baba mdogo mmoja alikohoa kuficha kicheko. Shangazi alijibu kwamba ni mbaazi za shambani kwake, na yule mama akatikisa kichwa kama anayemwonea huruma mtoto anayedanganya. Akamwambia asione haya, watu wa Mungu wanasaidiwa. Ila yeye alikuwa amehakikishiwa kwamba kadi ya mgao nyumba hii ilikwisha kuirudisha.

Hapo ndipo niliposimama. Niliamini kwamba wanaelewa vibaya, na kwamba asiyeelewa huelimishwa. Niliwaeleza tofauti ya mbaazi na dengu za kambini. Niliwaeleza kuhusu India na upungufu wake, kuhusu Myanmar na mashamba yake, kuhusu mapatano ya nchi hizo mbili na namna yalivyofunga mlango wa mavuno yetu kwa muda tu. Nilitumia maneno urari wa biashara mbele ya ugali unaopoa. Walinisikiliza mpaka mwisho, na yule mama aliwageukia wenzake.

“Kumbe,” alisema. “Wahindi wamezikataa, ndipo mkaona mtuletee sisi.”

Walicheka wote, hata mshenga, hata mzee wetu wa kanisa kabla hajajizuia. Shangazi aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi na Biblia, akatoa ule mfuko wa plastiki, akakiweka cheti chake cha uraia mezani, kando ya chungu, akaikunjua mikunjo yake kwa kiganja. Hakuna aliyekigusa. Yule mama alisogeza kikombe chake cha chai mbali kidogo na karatasi, kama mtu anayeogopa kuilowesha, na hilo lilitosha. Walikula ugali na kuku. Chungu kilirudi jikoni kimejaa.

Kwa wiki kadhaa hatukusikia lolote. Binti aliendelea na kazi za nyumbani na hakunilaumu. Alipokuwa akiniandalia chakula alikiweka chini na kuondoka kabla sijanyoosha mkono.

Kisha mshenga alikuja peke yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kuzungumza kwa huruma, kwani hakuwa mtu mbaya. Kijana bado anamtaka binti, alisema, na wazee wamekubali, isipokuwa wanaomba jambo moja. Arusini Kibondo watakuwepo watu wakubwa, wa kazini na wa kanisani, na ukoo usingependa habari za kambi zianze kuzungumzwa ukumbini. Mama wa binti abaki nyumbani. Itasemwa anaumwa. Upande wa mama niwakilishe mimi, kwa sababu nimesoma na Kiswahili changu kimenyooka.

Nilifungua mdomo kukataa. Nilikuwa na hoja, na zilikuwa sahihi zote. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akimtazama mama yake tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kusomewa hukumu. Shangazi hakumgeukia, wala hakunipa nafasi.

“Waambie nitaumwa,” alimwambia mshenga.

Baadaye nilimwambia kwamba nisingekwenda, kwamba dhamiri yangu isingeniruhusu. Alikuwa akipiga pasi shati langu la arusi. Alisema dhamiri yangu imekwisha kumgharimu vya kutosha, nami nitakwenda, nitasimama nitakapoambiwa kusimama, na nitasema nitakachoambiwa kusema. Kisha akaniomba kitu kimoja: nikifika nimpigie simu, niiache wazi kwenye mfuko wa shati, ili asikie.

Nilifanya hivyo. Alisikia ibada, viapo na vigelegele. Ukumbini nilikalishwa meza ya mbele, mahali palipopambwa kwa ajili yake, na shangazi wa bwana arusi alipita nyuma ya kiti changu akaniinamia.

“Msomi,” alisema, “leo Wahindi tuwaache wapumzike.”

Mshereheshaji aliwaita wazazi wa bwana arusi, wakashangiliwa. Akaita upande wa bibi arusi. Nilisimama. Akanikabidhi kipaza sauti, akauliza mama yetu yuko wapi, watu wamwone aliyemlea binti mzuri hivi. Bibi arusi aliinamisha uso ndani ya shela. Simu ilikuwa kifuani pangu, ina joto.

“Ni mgonjwa,” nilisema.

Mshereheshaji aliuliza anaumwa nini, isije ikawa ni furaha imemzidi, na ukumbi ukacheka. Nikasema homa. Nikasema amelala tangu Jumatano. Hakuna aliyenituma niongeze Jumatano. Niliiongeza mwenyewe, na ilitoka kwa urahisi. Hapo shangazi wa bwana arusi akainuka, akachukua kipaza sauti, akaomba watu wote wafumbe macho tumwombee mgonjwa. Alisali kwa ufasaha. Alimtaja mama yetu kwa upendo, akakemea homa, akaomba ainuliwe kitandani aje awaone wajukuu. Watu zaidi ya wale ambao shangazi yangu amepata kuwakaribisha maishani mwake walisema amina kwa ajili yake.

Nilitoka nje ya ukumbi, nikatoa simu. Ilikuwa bado wazi. Nilimwita, akaitika, na nyuma ya sauti yake nikasikia kuku wa nyumbani.

“Wamesali vizuri,” alisema. “Sasa rudi ukae. Na siku nyingine usitaje siku, watakuuliza daktari alisemaje.”