Amin Tatu kwa Baba Mkwe

Ushirika huu umenigharimu nusu ya duka na amin tatu. Nimezihesabu mara mbili, ni tatu.

Nauza barafu kwa wachuuzi wa samaki hapa Kilindoni. Nina friza moja, na wiki nzima nilikuwa najiuliza nichukue mshirika au niendelee kubanana peke yangu. Kosa langu ni kuwaza kwa sauti mbele ya mke wangu.

Ijumaa baada ya swala, baba yake akaja kutoka Kirongwe na friza juu ya guta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unatafuta mtu. Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Wachuuzi wa pweza hunikimbia kwa ninavyobishana bei. Lakini mkwe habishiwi. Hata machoni simtazami. Nilitaka kusema, "Baba, tuzungumze kwanza mgawo," lakini nikachelewa. Mzee alishainua mikono kuomba dua: Mungu atubarikie duka letu, faida iwe nusu kwa nusu, na asitutenganishe. Nikaitikia amin, amin, amin. Wateja nao wakaitikia, tena kwa sauti kuliko yangu.

"Hongera, nusu bosi," mmoja akanitania.

Mke wangu anasema dua ikishaitikiwa haifutwi. Friza ya mzee, kumbe, haigandishi.

Basi wewe uliyewahi kushirikiana na mkweo, nishauri: amin hurudishwaje bila kumrudishia mzee binti yake pia?